Tundu Nyuma ya Runinga

Fundi Saa alikuwa na mikono miwili iliyosifiwa mtaa mzima, na mdomo mmoja ulioiponza. Mikono ile iliweza kushika skrubu ndogo kuliko chembe ya ufuta na kuirudisha ndani ya saa ya mkononi bila kutetemeka. Mdomo ndio uliosema, Jumamosi ile asubuhi, mbele ya boksi kubwa lililosimama sebuleni kama mgeni asiyetaka kuketi:

"Fundi wa nini tena? Fundi si mimi hapa?"

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mwalimu wa chekechea. Miaka ishirini ya kulea watoto wa watu ilikuwa imempa subira ya namna yake: alimwacha mtu aanguke kwanza, ndipo amfute machozi.

"Fundi ni wewe," alisema. "Lakini wewe umezoea vitu vya kuenea kiganjani. Hiki hapa hata mlangoni kimepita ubavu ubavu."

Runinga ile ilikuwa imeletwa na binti zao pacha waliokuwa wakifanya kazi mbali, na wala haikuletwa kwa ajili ya wazazi. Ilikuwa ya bibi yao, mama yake Mama Pacha. Kwa miaka saba mtoto wa jicho alikuwa amemfumba bibi huyo macho taratibu, kama mtu anayeshusha pazia kidogo kidogo. Jana yake alikuwa amepasuliwa jicho la kulia. Bandeji ingeondolewa mchana, na saa kumi teksi ingemleta akae nao mwezi mzima. Wajukuu walitaka jicho jipya likute kioo kipana.

Mbele yake wote walimwita Mama. Nyuma yake walimwita Hakimu. Alikuwa amepiga chapa mahakamani kwa miaka thelathini na mmoja, na maneno ya pale yalikuwa yamemwingia kama chumvi kwenye mchuzi. Mtu akivunja glasi nyumbani kwake, alisomewa shtaka. Siku Fundi Saa alipokwenda kumposa binti yake, Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ombi limekubaliwa kwa masharti." Masharti yenyewe hakuyataja, kwa hiyo mkwe aliishi miaka ishirini na minane kama mtu aliye nje kwa dhamana.

Ndiyo maana ile runinga ilimkaa rohoni. Alikuwa ameshaiona picha yote: mama mkwe anaingia, anafungua jicho jipya, anakuta kioo kinaning'inia ukutani bila mguu wala waya unaoonekana, na hapo hapo anatambua kwamba binti yake aliolewa na mwanamume kamili.

"Iweke juu ya kabati," Mama Pacha alisema akivaa viatu vya kwendea kliniki. "Miguu yake hii hapa, imo ndani ya boksi."

"Kabatini wanaweka watu wasio na drili."

"Na wewe unayo?"

"Jirani anayo."

Mama Pacha alimtazama mumewe, akautazama ukuta, akauonea huruma ukuta. "Nikirudi na mama," alisema mlangoni, "nataka nikute nyumba bado ina kuta nne."

Jirani alikuwa kinyozi. Alikuja na drili ameiviringisha kwenye taulo la kazini, na alipolikung'uta taulo, nywele za watu wasiopungua watatu zilidondoka juu ya zulia. Alikuwa mtu mwema, mwenye ushauri mwingi kuliko ujuzi.

"Hii kazi ni dakika kumi," alisema Kinyozi. "Matundu manne, skrubu nne, tunakunywa chai."

Fundi Saa aliipanga breketi, kile chuma cha kuning'inizia runinga, katikati ya ukuta, akaweka alama kwa penseli, akapiga magoti, akaweka hata kile kioo chake cha jichoni, cha kukuzia vipuri vya saa, ili alama isihame upana wa unywele. Tundu la kwanza lilianza vizuri. Drili ililia, vumbi likashuka, na Fundi Saa alijisikia mkubwa. Halafu drili ikaingia yote kwa mkupuo, kama mguu uliokanyaga ngazi isiyokuwepo, na bonge la plasta likaanguka miguuni pake.

Palibaki tundu la ukubwa wa chungwa.

"Si kitu," alisema Kinyozi. "Ngoja nione kina chake." Akatia kidole.

"Usitie kidole!"

Bonge la pili lilianguka, kubwa kuliko la kwanza. Chungwa likawa bakuli. Ukuta ule ulikuwa mzee. Kwa nje umepakwa rangi nzuri, kwa ndani mchanga mtupu, kama baadhi ya watu. Wanaume wawili walisimama wakilitazama tundu, nalo likawatazama.

"Mkeo anarudi saa ngapi?" Kinyozi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Saa kumi."

"Sasa ni saa nane. Sikiliza. Tundu ni kubwa, lakini tivii ni kubwa zaidi. Tunaisogeza kushoto kidogo na juu kidogo, tivii inakaa mbele ya tundu, tundu linakaa nyuma ya tivii. Nani atajua?"

Dhamiri ya Fundi Saa ilimchoma kama sindano, lakini akiwaza jicho jipya la mama mkwe akaona heri sindano. Walilishindilia tundu kwa taulo la kinyozi ili lisiendelee kumwaga mchanga. Walichoma matundu mengine kushoto, wakapata sehemu ngumu, wakakaza breketi mpaka mishipa ikawasimama shingoni. Kisha wakainyanyua runinga, mmoja huku na mmoja kule, wakiamrishana "kwako, kwako, kwangu, ngoja!" mpaka ikanasa.

Hawakuwa na pimamaji. Fundi Saa alirudi nyuma, akafumba jicho moja kama alivyozoea kazini. Kinyozi naye alirudi nyuma, akakiinamisha kichwa begani kama anavyokagua mteja kabla ya kumwonyesha kioo.

"Imenyooka," alisema mwenye jicho moja.

"Sawasawa kabisa," alisema mwenye kichwa kilichoinama.

Wakafagia, wakapangusa, wakaunganisha antena, wakawasha. Kioo kikajaa bluu, na orodha ya lugha ikatokea. Fundi Saa alishika rimoti kwa haraka ya mtu anayesikia kila teksi inayopita barabarani ikipunguza mwendo. Akabonyeza chini, akabonyeza chini tena, akabonyeza katikati. Runinga ikamshukuru kwa maandishi ambayo hajawahi kuyaona maishani mwake: herufi zenye paa na kuta na madirisha, kama vibanda vilivyobanana sokoni.

"Inasemaje?" Kinyozi aliuliza.

"Inasema wewe ndiye uliyeniharakisha."

Alibonyeza tena, vibanda vikaongezeka. Akabonyeza kitufe chekundu, likaja swali lenye majibu mawili, yote ya vibanda. Akachagua moja kwa imani tu, kioo kikageuka rangi ya zambarau. Ilikuwa saa tisa na nusu. Hapo, akiwa ameishiwa jasho na majivuno, alimpigia simu pacha mkubwa.

"Baba, nielekezee kamera kwenye kioo," binti alisema. Alipoona, Fundi Saa akasikia mtu anayezuia kicheko kwa kiganja. "Sawa. Usisome chochote."

"Nisome vipi? Hata nikitaka?"

"Tafuta alama tu. Juu kulia, kuna alama kama gurudumu lenye meno?"

Fundi Saa alisogea, akavaa kioo chake cha jichoni, na uso ukamchanua. "Gurudumu la meno! Sasa umesema kitu. Ninaliona." Akalichungulia zaidi. "Lakini nani amelichora hili? Meno manane, tena mapana kama ya farasi. Saa yenye gurudumu hili ingegonga mara moja kwa wiki."

"Baba, libonyeze tu."

Alibonyeza. Binti akamwongoza: alama ya dunia, kisha kulia, kisha ashuke taratibu, taratibu, asimame. Na pale, katikati ya lugha za walimwengu, neno Kiswahili likasimama kama ndugu uliyempoteza kituoni. Fundi Saa alilibonyeza kwa kidole kilichotaka kulia. Runinga ikaanza kutafuta chaneli; ikapata tatu, ikapata tisa, ikapata ishirini na sita. Mpira wa miguu ukatokea, kijani kibichi, unaona mpaka jasho la refa.

"Mungu akuzidishie," alimwambia binti, akakata simu, akajitupa kwenye kochi. Akawa amekalia rimoti.

"Msomaji wa skrini amewashwa," alisema mwanamke.

Wanaume wote wawili walisimama. Kinyozi alichungulia nyuma ya pazia.

"Ni tivii," Fundi Saa alinong'ona. Alibonyeza kitufe cha sauti.

"Sauti, kumi na tisa," alisema mwanamke, kwa matamshi ya mtu aliyejifunza Kiswahili ndani ya friji.

"Izime!"

Akabonyeza kitufe cha kunyamazisha.

"Sauti imezimwa," mwanamke alitangaza kwa sauti.

Honi ikalia nje. Fundi Saa, vidole vikimcheza kwa mara ya kwanza tangu ujana, aliingia kwenye orodha moja akitafuta pa kumfungia huyo mama, akaingia nyingine, akawa anajaribu kutoka kwenye orodha hiyo wakati mlango unafunguliwa. Hakimu alisimama kizingitini, miwani myeusi usoni, mkono mmoja begani kwa binti yake, na kabla mtu hajasema karibu, runinga ilisema:

"Toka."

"Nimeambiwa nitoke?" Hakimu aliuliza.

"Hapana, Mama! Karibu, Mama! Shikamoo, Mama!"

"Ili kuthibitisha, bonyeza sawa," mwanamke aliongeza.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Sauti ya mwanamke ndani ya nyumba ya binti yangu, binti yangu hayumo, na mkwe wangu anasema hakuna mtu." Hakimu aligeuza kichwa polepole. "Endelea. Nasikiliza."

"Ni tivii, Mama. Inasoma yenyewe. Ni kwa ajili ya watu wasio..." Akanyamaza, maana neno lililokuwa linakuja halikufaa siku ile.

Mama Pacha alimpokonya rimoti, akaitazama kama anavyotazama mkono wa mtoto uliofichwa mgongoni, akasoma maneno kwenye kioo, akabonyeza mara tatu. "Msomaji wa skrini amezimwa," mwanamke alisema kwa unyonge, na hakusema tena.

Hakimu aliketishwa. Akavua miwani. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kidogo na lenye maji, lakini lilikuwa linatazama. Hilo lilionekana wazi. Lilitembea chumbani kama mkaguzi. Lilipanda darini, likasimama kwenye utando wa buibui ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona. Lilishuka kwenye zulia, likaona nywele. Likafika kwa Fundi Saa.

"Wewe ndiye mkwe wangu?"

"Ndiye, Mama."

"Nywele zimekwenda wapi?"

"Zilianza kuondoka, Mama, mwaka uleule ulipoanza kuacha kuona."

"Na huyu anayerudi nyuma nyuma?"

"Jirani, Mama," alisema Kinyozi, kisigino kimoja kikiwa kimeshafika nje.

"Shahidi asiondoke."

Shahidi akarudi. Hapo ndipo jicho lilipogeukia runinga. Fundi Saa alishika pumzi. Hakimu aliitazama muda mrefu, mikono mapajani, na mchezaji mmoja akatoka na mpira toka upande huu mpaka upande ule.

"Ni nzuri mno," alisema. Fundi Saa akapumua. "Mbona imelewa?"

"Samahani, Mama?"

"Imepinda. Upande wa kulia uko chini. Timu ya kushoto inacheza kwa kuteremka mlima, na ya kulia inapanda. Haki iko wapi hapo?"

Kinyozi akajaribu kuokoa jahazi. "Labda ni kichwa, Mama. Ukikiinamisha hivi..."

"Kichwa changu kimenyooka tangu kabla hujazaliwa. Tena hata katikati haipo. Ukuta mpana wote huu, imekwenda kubanana na dirisha. Kwa nini?"

"Mwanga," Fundi Saa alisema.

"Mwanga wa dirishani unaipiga usoni."

"Ndiyo huo, Mama."

Mama Pacha, ambaye tangu ameingia alikuwa anatazama ufagio uliolowa na doa la vumbi ambalo ufagio haukulifikia, alisogea ukutani. Aliuliza kwa sauti ile ya darasani, laini, isiyo na pa kukimbilia:

"Baba Pacha. Nyuma ya hii tivii kuna nini?"

"Kuna ukuta."

"Wote?"

"Mwingi," alisema.

Wakaishusha. Mmoja huku na mmoja kule, safari hii bila kuamrishana. Taulo la kinyozi lilikuwa limechomoza ukutani kama ulimi wa mtu anayewacheka. Hakimu aliinuka mwenyewe, bila mkono wa mtu, akalifuata moja kwa moja, akalivuta. Mchanga ukamwagika kwenye viatu vyake. Alilinyanyua taulo mwangani, akaliona vizuri na nywele zake zote.

"Kielelezo cha kwanza," alisema.

Hakuna aliyecheka. Fundi Saa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, mikono yake maarufu ikining'inia katikati ya magoti, nyeupe kwa plasta mpaka kwenye viwiko.

"Mama, sina utetezi," alisema. "Niliambiwa niweke kabatini, nikakataa. Nilitaka ukifumbua jicho ukute kitu kizuri nilichokifanya mimi. Miaka yote hii, hujawahi kukaa ukaona kazi yangu hata moja. Kazi zangu ni ndogo. Watu wenye macho mazima hawazioni, sembuse..." Akaacha. "Basi nikafanya kubwa. Ndiyo hiyo hapo."

Hakimu alimrudishia Kinyozi taulo lake. Kisha akapandisha mkono wa gauni. Kifundoni alikuwa amevaa saa ya kike, ndogo, ya kamba ya ngozi iliyochakaa. Mkwewe alikuwa ameitengeneza mara nne, na hakuna aliyewahi kujua kwa nini mtu asiyeona anang'ang'ania saa isiyosema. Aliisogeza karibu na jicho la kulia. Akaisogeza mbali. Akakunja uso.

"Saa kumi," alisoma, polepole, "na dakika ishirini."

Mama Pacha akatazama pembeni mwa kioo cha runinga iliyolala kwenye kochi ikiwa bado inawaka. Palikuwa pameandikwa saa kumi na dakika ishirini.

"Nilikuwa naiweka sikioni usiku," Hakimu alisema. "Nahesabu. Nikisikia inatembea, najua na mimi natembea. Usiniambie tena kwamba sijui kazi yako, maana nimeisikiliza miaka saba." Akaketi, akatengeneza gauni. "Sasa hukumu."

Fundi Saa na Kinyozi wakasimama wima.

"Tivii iende kabatini. Mshtakiwa wa kwanza ataleta fundi mwashi Jumatatu, fundi wa kweli. Mshtakiwa wa pili atafagia nywele zake. Halafu tutakunywa chai, maana kliniki wamenipa chai ya baridi."

Kuiweka kwenye miguu yake kuliwachukua dakika sita. Mama Pacha ndiye aliyekaza skrubu, mumewe akimshikia kijitabu na kumsomea, na hakuthubutu kuongeza neno lake hata moja. Runinga ilikaa juu ya kabati, katikati, imenyooka kama mwanafunzi siku ya kwanza, na timu ya kulia ikasawazisha bao palepale. Kinyozi akasema hiyo ndiyo faida ya uwanja tambarare.

Saa moja ilipokaribia, Hakimu aliomba kitana. Akachana nywele. Akaomba na ile kanga yake safi, akajifunga, akasogeza kiti mbele.

"Mama, kuna nani anakuja?" Mama Pacha aliuliza.

"Habari za saa moja," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonekana ana haya. "Yule msomaji. Tangu macho yalipoanza kuniacha, namsikiliza redioni na kwa tivii ya jirani. Ana sauti kama mtungi. Nadhani ni mtu mrefu, mwenye mwili. Mtu wa heshima."

Muziki wa habari ukapigwa. Sauti ikaja, nzito, ya taratibu, ile ile. Na kioo kikamwonyesha mwenye nayo: kijana mwembamba kama njiti, shingo ndefu ikielea ndani ya kola ya shati, na masikio mawili yaliyofunguka huku na huku kama milango ya kabati.

Hakimu alimtazama. Nyumba nzima ilimtazama Hakimu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mama," alisema Fundi Saa kwa upole, kama aliyeleta taarifa ya msiba.

"Huyu mtoto?"

"Ndiye."

Alitikisa kichwa kwa muda. Kisha akafumba jicho lake jipya, lile lililotibiwa, akaegemea kiti, akamsikiliza mtu wake mpaka habari za nchi zikaisha. Zilipokuja za michezo alilifumbua tena, akacheka peke yake, machozi yakamtoka, Mama Pacha akaja na kitambaa kumpangusa kwa sababu daktari alikataza jicho lisisuguliwe. Aliinama karibu sana. Hakimu akaushika uso wa binti yake kwa mikono miwili, akauzuia pale.

"Mvi hizi," alisema, "zimeingia lini?"

"Siku nyingi, Mama."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia vipi? Kwa simu? Mama, leo nina mvi tano?"

"Ungeniambia." Akaendelea kuutazama, jicho likipita kwenye paji, kwenye mashavu, kwenye mikunjo iliyokaa kando ya mdomo, bila haraka, akisoma kila mstari. Nyuma yao mtu wa michezo alikuwa anapiga kelele kuhusu penalti. Fundi Saa alinyoosha mkono, akaichukua rimoti kochini, akavitazama vitufe vyake vyote kwa uangalifu mkubwa, akabonyeza kimoja tu, nacho kikawa ndicho. Chumba kikawa kimya, na mama na binti hawakugeuka.